Kujenga Pagola ya Mbao Nyuma ya Nyumba Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kuitoa Kwenye Ramani

Ramani za pagola, yaani kivuli cha mbao kisicho na paa, zimejaa mtandaoni, nyingi ni za bure na zimechorwa vizuri. Lakini zimechorwa kwa jua la Marekani au Uingereza, kwa udongo wa huko na kwa mbao za huko. Mpe fundi wa Utawala au Lavington ramani ya namna hiyo, mwambie aifuate kama ilivyo, na utapata kitu cha kupendeza kwenye picha. Saa kumi jioni jua litakuwa bado linakupiga usoni ukiwa chini yake, na masika ikipita mara mbili nguzo zitaanza kuegemea.

Kwa hiyo kazi ina sehemu mbili. Kwanza unaichukua ramani na kuirekebisha iendane na Nairobi. Halafu unajenga. Sehemu ya kwanza haigharimu chochote zaidi ya muda, na ndiyo inayoamua kama pagola itakaa miaka mitatu au miaka ishirini.

Tuelewane majina kwanza, maana mafundi hutofautiana. Nguzo ni zile zinazosimama. Boriti ni mbao nzito zinazolala juu ya nguzo, mbili mbili. Mapao yanakatiza juu ya boriti. Fito ndizo za juu kabisa, zimesimamishwa kwa ubavu, na ndizo zinazoleta kivuli. Pagola haina paa: mvua inapita, hewa inapita, na mwanga unapita kwa kiasi unachoamua wewe. Ukitaka kuweka mabati au karatasi za plastiki ngumu juu yake, hiyo ni kazi nyingine inayotaka mteremko na kufungwa vizuri zaidi dhidi ya upepo. Usimwache fundi akubadilishie katikati ya safari.

Anza na jua

Ramani nyingi za nje zinashauri fito za juu zilale kutoka mashariki kwenda magharibi. Huko wana sababu nzuri: jua lao la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na ubao uliosimama kwa ubavu ukifuata mashariki na magharibi hulikata. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kama digrii 1.3 tu kusini mwake. Jua letu linapita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa Juni hulalia kaskazini, Desemba hulalia kusini. Muda mwingi wa mwaka linapanda upande wa Embakasi na kushuka upande wa Ngong bila kupinda sana. Ukilaza fito mashariki–magharibi, jua linasafiri ndani ya nafasi zake kutwa nzima, na wewe unakaa kwenye mistari ya jua asubuhi hadi jioni.

Hapa kwetu fito ziende kaskazini–kusini. Jua la asubuhi linagonga ubavu wake wa mashariki, la alasiri linagonga ubavu wa magharibi. Linalopita ni lile la mchana kati, linaloanguka wima.

Hesabu yake ni rahisi. Ukitumia ubao wa 3x2 (inchi 3 kwa 2) uliosimama kwa ubavu, kimo chake ni inchi 3. Ukiacha nafasi ya inchi 3 kati ya fito na fito, kivuli kinafunga kabisa jua likiwa chini ya digrii 45 kutoka kwenye upeo wa macho. Kwa Nairobi, ambako jua hufika kileleni karibu saa sita na nusu, hiyo ni kabla ya saa tatu na nusu asubuhi na baada ya saa tisa na nusu alasiri, hasa miezi ya Machi na Septemba. Ukipunguza nafasi iwe inchi 2, kivuli cha alasiri kinafunga mapema zaidi, kama saa tisa kasorobo, ila utahitaji fito nyingi zaidi. Kama mnakaa nje saa za chakula cha mchana, ongeza fito. Kama ni pa kunywea chai jioni, nafasi ya inchi 3 inatosha kabisa.

Usiniamini kwa maneno tu. Saa kumi jioni chukua vipande vitatu vya 3x2, visimamishe kwa ubavu juu ya kadibodi ukiacha inchi 3 katikati, kisha viweke uani. Vigeuze vifuate kaskazini–kusini: kadibodi inakuwa giza. Vigeuze vifuate mashariki–magharibi: mistari ya mwanga inatokea papo hapo. Mfanyie hivyo fundi mbele ya macho yake na hutahitaji kubishana naye.

Nyumba yako ikiwa imekaa mshazari, chagua mwelekeo ulio karibu zaidi na kaskazini–kusini. Dira ya simu inatosha, mradi usisimame karibu na geti la chuma.

Vipimo vya pagola yetu

Nitatumia mfano mmoja mwongozo mzima: futi 12 mashariki–magharibi kwa futi 10 kaskazini–kusini, ukipima katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo. Meza ya watu sita inaenea na viti vinasogezwa bila kugonga nguzo. Boriti zinafuata pande mbili, ya mashariki na ya magharibi, zikienda kaskazini–kusini. Mapao yanakatiza kutoka boriti moja hadi nyingine. Fito zinakatiza juu ya mapao, zikirudi kaskazini–kusini. Kila upande mbao zinatokeza futi moja nje ya nguzo. Boriti zifike futi 8 kutoka chini, hivyo mtu mrefu anapita bila kuinama.

Ukiwa na ramani ya Marekani, kumbuka kitu kimoja kabla ya kunakili mikato yake. Mbao wanayoiita 2x6 imepigwa randa tayari na kwa kweli ni inchi 1½ kwa 5½, na 4x4 yao ni 3½ kwa 3½. Mbao zetu huuzwa zikiwa na meno ya msumeno, na 6x2 inakaribia inchi 6 kwa 2 kweli, ingawa hutofautiana kutoka ubao hadi ubao. Ukikata mikato ya nguzo kwa vipimo vya ramani, boriti haitaingia. Kila mkato upimwe kwa mbao uliyo nayo mkononi.

Halafu kuna kina cha msingi. Ramani za nchi za baridi hukuambia uchimbe hadi chini ya kiwango ambacho ardhi huganda kwa barafu. Mstari huo ufute. Sisi tunachimba kwa sababu nyingine.

Udongo ulio chini yako

Ukiwa Loresho, Lavington, Runda au upande wa Kiambu, kwa kawaida una udongo mwekundu. Unachimbika vizuri na unabeba mzigo bila fujo. Mashimo manne ya futi 1½ kwa 1½, kina futi 2½, yanatosha kwa pagola hii.

Ukiwa Syokimau, Utawala, Ruai, Embakasi au Kitengela, uwezekano mkubwa una udongo mweusi wa pamba, na hapo mambo yanabadilika. Udongo huu ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Angalia uwanja mtupu mwezi wa Februari: nyufa zinameza kiganja cha mkono. Nguzo iliyokaa kwenye futi 2 za udongo wa aina hiyo inainuliwa wakati wa masika na kushushwa wakati wa kiangazi, na nguzo nne hazipandi wala hazishuki sawasawa. Ndiyo maana pagola nyingi za pande hizo zimepinda ingawa mbao zake bado ni nzima.

Dawa ya kweli ni kuupita. Chimba hadi ukutane na murram au jiwe. Katika ploti nyingi si mbali, na mashimo manne tu si kazi kubwa kwa vibarua wawili. Pasipofikika, chimba angalau futi 4, panua chini ya shimo kuliko juu ili zege ishike, na hakikisha maji ya mvua ya paa la nyumba hayamwagiki karibu na mashimo. Udongo unaolowa na kukauka ovyo ndio unaosumbua. Ule unaokaa katika hali moja hutulia.

Kabla ya jembe la kwanza, tafuta mabomba. Fuata bomba la maji taka kutoka chooni hadi kwenye chemba, na ujue tangi la choo liko wapi. Tazama pia juu, kama kuna nyaya za umeme zinazopita. Kama unapanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Kama mtaa wenu una chama cha wakazi, soma masharti yao ya ujenzi na uulize ofisi ya mipango ya kaunti kuhusu kibali kabla hujanunua mbao.

Mbao

Ramani za nje zitakutajia mierezi ya Marekani na redwood. Kwenye soko la Gikomba hutaikuta, na huihitaji. Sisi tuna saiprasi, paini, mkaratusi na, kwa mwenye mfuko mzito, mvule.

Saiprasi ndiyo chaguo langu kwa mapao na fito. Ni nyepesi, inakatika vizuri, haipasuki ovyo, na sehemu yake ya ndani inavumilia hali ya hewa kuliko paini. Paini ni rahisi kupatikana, nyingi hutoka Tanzania, lakini bila dawa haifai nje hata kidogo: mchwa wanaipenda na ukungu wa buluu unaishika upesi. Ukinunua paini, nunua iliyotiwa dawa kwa mashine ya shinikizo, ile yenye rangi ya kijani kibichi iliyofifia. Kwa nguzo, mkaratusi uliotiwa dawa, wa aina ya nguzo za uzio, ni mzuri sana kama hujali umbo la mviringo. Mvule hudumu bila dawa nyingi, ila ni mzito, unataka drili na msumeno wenye makali, na bei yake inaweza kujenga pagola mbili za saiprasi.

Dawa hiyo ya kijani mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Ukiwa unakata vaa barakoa na glavu. Na tafadhali, vipande vinavyobaki visiende jikoni wala kwenye moto wa kuchoma nyama. Moshi na majivu yake ni sumu. Waambie vibarua mapema, kwa sababu desturi ya kubeba vipande nyumbani kuwashia jiko iko kila mahali na hakuna atakayejua usipomwambia.

Kwenye yadi, usimwache muuzaji akuchagulie. Inua kila ubao, uweke jicho kwenye ncha moja na uangalie hadi nyingine. Uliopinda upande mmoja kidogo unaweza kuwa fito. Uliojisokota haufai kitu, uache hapo hapo. Kataa mbao za boriti zenye kifundo kikubwa kwenye ukingo, na zenye ganda la mti pembeni. Kwa nguzo angalia kiini cha mti kiko wapi: kikiwa katikati kabisa nguzo itapasuka kwa urefu ikikauka, jambo lisilopunguza nguvu sana lakini linalotaka kujazwa rangi au mafuta kila mwaka. Pima upana na unene kwa futi kamba. Inayoitwa 6x2 ikiwa inchi 5¼, omba nyingine.

Mbao nyingi mjini huuzwa zikiwa bado na maji. Utajua kwa uzito na kwa ubaridi ukiweka kiganja. Zipange nyumbani kivulini, juu ya mawe, na kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Weka uzito juu. Wiki nne hadi sita za Januari na Februari, au za Agosti na Septemba, zinaondoa maji ya kutosha kwa kazi ya nje. Ukiziharakisha juani zitajisokota.

Orodha ya mfano wetu:

- Nguzo: 6x6, vipande 4 vya futi 9 (agiza mapema, si kila yadi inazo)
- Boriti: 6x2, vipande 4 vya futi 12
- Mapao: 6x2, vipande 6 vya futi 14
- Fito: 3x2, vipande 34 vya futi 12, ukitaka nafasi ya inchi 2, vipande 42
- Mikono ya mshazari (ya kuzuia nguzo zisilale): 4x2, futi 27 kwa jumla
- Saruji mifuko 5, mchanga wilbaro 5, kokoto wilbaro 10 kwa mashimo ya udongo mwekundu
- Viatu vya chuma vya kusimamishia nguzo: 4
- Bolti za milimita 12: 8 za inchi 9 kwa boriti, 8 za inchi 7 kwa viatu, pamoja na nati na washa kubwa
- Skrubu za mbao zisizoshika kutu: 220 za inchi 5 kwa fito, na kisanduku cha inchi 4 kwa mapao na mikono
- Dawa ya mbao ya kupaka, na mafuta ya mbao ya nje

Ongeza mbao moja moja ya kila aina kwa ajili ya makosa na mafundo. Mahali popote ambapo fundi atakuambia msumari unatosha, ukubali tu kwa mbao za muda. Mbao zetu hunywea baada ya kufungwa, na msumari wa kawaida hulegea na kulia machozi ya kutu juu ya meza yako.

Viatu vya chuma

Hapa ndipo pesa kidogo huleta faida kubwa. Nguzo iliyofukiwa ardhini, hata ikitiwa dawa, ni mwaliko kwa mchwa, na huoza kwanza pale pale usawa wa ardhi ambapo maji na hewa hukutana. Nguzo iliyosimama juu ya kiatu cha chuma, inchi 2 juu ya zege, inakauka baada ya kila mvua, na mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo mahali unapoiona.

Mafundi wa kuchomelea wa Kamukunji, au yule wa mtaani kwenu, atakutengenezea. Mwambie hivi: bamba la unene wa milimita 6 lililokunjwa umbo la U, upana wa ndani uwe sawa na nguzo yako halisi, mbavu zipande inchi 6, kila ubavu uwe na matundu mawili ya bolti ya milimita 12. Chini yake achomelee vyuma viwili vya Y12 (nondo za milimita 12) vya urefu wa futi 1½, ncha zikiwa zimepindwa ili zishike ndani ya zege. Toboa tundu dogo katikati ya kitako ili maji yasituame. Kisha rangi ya kuzuia kutu, mara mbili, hasa kwenye mshono. Mpelekee kipande cha nguzo yenyewe, usimpe namba tu. Kiatu chenye upana wa ziada wa nusu inchi kitafanya nguzo itikisike, na chenye upungufu kitakulazimisha kuchonga nguzo mahali isipofaa kuchongwa.

Kupima na kumwaga zege

Piga vigingi nje ya eneo la kazi na ufunge uzi, ili ukichimba usipoteze alama. Pembe ya kwanza itafute kwa 6-8-10: futi 6 kwenye uzi mmoja, futi 8 kwenye mwingine, na kati ya alama hizo ipatikane futi 10 kamili. Ukishafunga pande zote nne, pima kona hadi kona. Kwa pagola ya futi 12 kwa 10 mshazari ni karibu futi 15 na inchi 7½, na muhimu zaidi, mishazari miwili ilingane. Ikitofautiana hata nusu inchi, sogeza uzi sasa. Kosa hilo ukiliacha hapa, utalikuta tena juu kwenye fito, likiwa limekua.

Zege ni 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Kwa wilbaro ya kawaida hiyo ni mfuko mmoja wa saruji, wilbaro moja ya mchanga na mbili za kokoto. Changanya vikavu kwanza hadi rangi iwe moja, kisha maji kidogo kidogo. Vibarua hupenda zege laini kama uji kwa sababu inamwagika kwa urahisi. Wazuie, maana maji ya ziada ndiyo yanayoondoa nguvu. Lowesha shimo, mwaga, shindilia kwa chuma hadi mapovu yaishe. Juu ya ardhi iache ipande inchi 2, na uiteremshe pembeni ili maji yakimbie.

Zamisha vyuma vya kiatu zege ikiwa bado mbichi, kitako kikibaki inchi 2 juu ya zege, huku uzi ukiwa umerudishwa juu yake. Angalia mambo matatu kwa kila kiatu: kiko katikati ya alama, ubavu wake unafuata uzi, na kitako kiko sawa kwa pimamaji. Viatu vinne havihitaji kuwa katika kimo kimoja, kwa sababu kimo kitasawazishwa kwenye nguzo. Funika kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7, na usipandishe kitu chochote kabla ya hapo.

Nguzo na boriti

Simamisha nguzo zote nne kwenye viatu bila kuzikata. Zishike kwa mbao za muda, mbili kwa kila nguzo, za pande mbili tofauti, na uzinyooshe kwa timazi. Sasa weka alama ya futi 8 kwenye nguzo iliyo kwenye ardhi ya juu zaidi, kisha hamisha alama hiyo kwenye nguzo nyingine kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Hakikisha hauna kiputo cha hewa. Mpira wa maji haudanganywi na mteremko wa uani, na kwa umbali wa futi 12 unaushinda urefu wa pimamaji yoyote ya mkononi.

Zipe nguzo namba, zishushe, na ufanye mikato chini ambapo mkono umetulia. Kata ncha kwenye alama. Kisha kwenye uso wa mashariki na wa magharibi wa kila nguzo chonga mkato wa kina cha inchi 1, kimo chake kikiwa sawa na upana wa boriti yako halisi. Piga mistari ya msumeno karibu karibu hadi kina hicho, vunja vipande kwa nyundo, na usafishe kwa patasi hadi kitako kiwe bapa. Boriti ikae juu ya mbao, isining'inie kwenye bolti. Bolti kazi yake ni kubana tu. Uzito ubebwe na ule ukingo uliouacha.

Paka dawa kila palipokatwa, na ncha za mbao zipake mara tatu. Mbao hunywa maji kwa ncha kuliko kwa ubavu, na dawa ya kiwandani haifiki ndani kabisa, kwa hiyo kila mkato mpya umefungua mlango.

Rudisha nguzo, funga bolti za viatu, pandisha boriti kwa watu wanne, moja kila upande wa nguzo. Zibane kwa klampu, toboa mbao zote tatu (boriti mbili na nguzo) kwa mpigo mmoja, pitisha bolti mbili kwa kila nguzo, moja juu kidogo na nyingine chini, zisifuatane kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao. Washa pande zote mbili.

Mapao na mikono

Mapao sita yanakaa futi 2 kutoka katikati hadi katikati, la kwanza na la mwisho yakiwa juu ya nguzo kabisa. Kwa sababu boriti ni mbili zenye nafasi kati yake, kila pao lichongwe mkato wa inchi 1 kwa chini, wenye upana wa boriti zote mbili pamoja, karibu inchi 8. Likishuka humo halisogei tena. Chonga la kwanza, lijaribu, halafu litumie kama kielelezo cha mengine matano. Funga kwa skrubu mbili za mshazari kila upande.

Mafundi wengi hapa huacha mikono ya mshazari, au huiweka kama pambo. Kwenye pagola iliyosimama juu ya viatu hiyo ni hatari. Kiatu kinazuia nguzo isipande wala kuhama, lakini hakizuii isilale. Kinachozuia ni mikono. Kila nguzo ipate miwili: mmoja unaokwenda kwenye boriti na mwingine unaokwenda kwenye pao lililo juu yake. Kata 4x2 urefu wa futi 3, ncha zote mbili kwa digrii 45. Wa boriti uingize kwa upana wake katikati ya boriti mbili. Nafasi ni inchi 4 na ubao ni inchi 4, utaingia kwa kugongwa kidogo. Ukishafunga yote minane, ondoa mbao za muda, shika nguzo moja na uisukume kwa bega. Pagola nzima ijibu kama kitu kimoja.

Fito

Hii ndiyo kazi ndefu, na ni ya kufurahisha. Kata kipande cha mbao cha inchi 3 kamili kiwe kipimo chako cha nafasi. Fito ya kwanza iweke ukingoni mwa mapao, inyooke kwa uzi. Kuanzia hapo unasukuma kipimo, unaweka fito, unatoboa, unafunga. Toboa kabla ya kila skrubu. 3x2 iliyosimama kwa ubavu ikipasuka kwenye ncha haitengenezeki. Ubao uliopinda kidogo ugeuze mgongo wake juu, uzito utaushusha wenyewe.

Kila baada ya fito sita pima umbali uliobaki kwenye pao la kwanza na la mwisho. Ukiona upande mmoja umeanza kutangulia, rekebisha kwa upana wa kalamu kwenye fito tatu zinazofuata, na hakuna atakayeona. Fanya kazi ukiwa juu ya ngazi ya miguu minne au jukwaa la mbao, si juu ya fito zenyewe.

Kupaka na kutunza

Kuna desturi ya kupaka mbao oili chafu ya injini. Kwa uzio wa shambani sina neno. Mahali ambapo watoto watakaa na chakula kitaandaliwa, hapana: inanuka, inadondoka jua likiwa kali, na inachafua nguo. Vanishi inayong'aa nayo haifai. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, jua letu ni kali kuliko linavyohisiwa kwa sababu ya ubaridi, na vanishi hukatika na kubambuka vipande vipande hadi uisugue yote kwa msasa. Tumia mafuta ya mbao ya nje yenye rangi kidogo ndani yake, kwa sababu rangi ndiyo inayokinga jua. Paka mara mbili mbao zikiwa kavu, sehemu za juu za fito zikipata zaidi, na urudie kabla ya masika ya kila mwaka au wa pili.

Ukitaka mmea wa kutambaa, pasheni ya zambarau hupenda ubaridi wa Nairobi, ni nyepesi, na inaleta matunda. Bogenvilia inapendeza sana lakini shina lake hunenepa, lina miiba na linakuwa zito. Lipogoe kila mwaka. Mmea wowote uupande futi 2 kutoka kwenye nguzo na uuelekeze kwa waya, ili maji ya kumwagilia yasiloweshe kiatu na majani yasifiche njia za mchwa. Kila mwezi zunguka nguzo nne na uangalie mstari wowote wa udongo unaopanda kwenye zege. Ukiuona, ukwangue na utafute kichuguu.

Kiangazi cha kwanza kikiisha, mbao zitakuwa zimesinyaa na nati zimelegea. Chukua spana mbili, zungukia bolti zote kumi na sita, na ukaze kila moja hadi washa ianze kuzama kidogo kwenye mbao.